Mbavu za Pikipiki

...nikaze ao nitoe, mama, anauliza tena Sebarenzi, fundi wa chuma, amepiga magoti mu matope, klé, spana yake, imekamata buloni ya mwisho, hata kichwa hainui, na Damien bwana yangu, munganga wa chanjo, iko amekaa juu ya pikipiki kama muntu anaenda arusi, sanduku ya chanjo imefungwa nyuma, anacheka, anasema muulize Mama Adelaïde, njo miye, juu ya mutoto wetu Adelaïde, yeye njo alitaka hizi mbavu, na wote wananiangalia miye, yewe, juu ya nini munaniangalia, miye najua nini ya pikipiki, miye najua maharagi na mihogo... mbavu, Sebarenzi njo aliziita hivyo siku alikunja bomba ya kamio, lori ya kuharibika, moja kuume, moja kushoto, zitoke inje mbele ya miguu ya munganga, akasema siku pikipiki inalala, italala juu ya mbavu, haitalala juu ya mguu, na miye nilisikia tu hilo neno mguu, ingine sikusikia, juu ule mguu naujua, nimeuosha miye mwenyewe miezi miwili na maji ya chumvi, tangu kona ya chini ya Kitshanga, mvua ya mwezi wa ine, pikipiki iliteleza ikamulalia upande wa kushoto, chuma yenye moto juu ya nyama, na hakuna muntu, toka asubuhi mpaka jua ikafika juu ya kichwa, peke yake, anaita, mpaka watu wa soko wakapita, wakamuleta mu kipoyi, kitanda ya miti, na miye nilikuwa mu shamba, upepo ukaniletea harufu mbele nimuone, nikafikiri jirani amechoma mbuzi, Mungu anisamehe, mate ilinijaa mu kinywa... hilo sijamuambia muntu, hata Padri mu ungamo sikumuambia.

Nikaze, mama? Ngoja, Papa Sebarenzi, ngoja kidogo, nasema ao nafikiri nimesema, maana haondoshi klé, na Agathe wa nyuma ya kanisa anakuja na kitunga cha maharagi, anasema ee munganga, unapita Kalembe, si utamupelekea binti yangu, na Damien anasema weka, mama, weka, hajui kukatala, tangu namujua hajui, na Agathe anatafuta pa kuweka, nyuma kuko sanduku, anaona mbavu, anafurahi, anasema kumbe wamekutengenezea pa kufungia mizigo, na anaanza kufunga, pale pale, kamba ya mugomba, mbele ya mguu, jamani, mbele ya mguu wenyewe, na hakuna anayemuambia kitu, juu kwetu chuma yoyote inatoka inje ya kintu ni ya kufungia mizigo, nani amewahi kuona chuma ya kungojea muntu aanguke... vibano vinavyoshika hizo mbavu ni jembe yangu, Agathe, unajua, jembe ya mahari, ile Damien alimuletea baba yangu Karangwa mbele ya watu, haikulima hata siku moja, ilikaa mu dari miaka kumi na moja ikisema Verdiane ameolewa, iko na bwana, na nilipanda kwa baba kuiomba juu bomba ilikosa cha kuishika, na baba akaishusha, akaipangusa vumbi na mukono, akasema wakiisha kuipiga nyundo, siku watu watauliza nitawaonyesha nini, nikasema utawaonyesha Damien, baba, anatembea na miguu mbili, na nilisema kwa kiburi, nilijiona mwerevu, wee Verdiane.

Lakini Raphaël. Kila nikitaka kusema kaza, Raphaël anakuja. Munganga mwenzake, alifanya kazi upande wa Walikale, pikipiki yake ilikuwa na mbavu nzuri za kutoka Ulaya, zinangaa, Damien alizitamani, na kwa ile kilalo, daraja ya miti miwili tu, njia ya muntu moja, ubavu wa kuume ulinasa katikati ya miti, pikipiki ikapinduka ikaingia mu mto, na Raphaël chini yake, waliomutoa walisema pasipo hizo chuma angepita ao angeruka, wengine walisema hapana, angekufa tu, na kilalo ile ile Damien ataipita kesho akitoka Kalembe, na kona ya matope ataipita leo, kona inataka mbavu, kilalo haitaki, basi nichague mguu wake ao roho yake, niseme nini, kaza mpaka Kalembe kisha toa, nani atatoa, na klé inabaki huku kwa Sebarenzi... usiende, njo neno iko mu kinywa yangu tangu asubuhi, usiende, lakini surua iko kule, wamama wa Kalembe wamekwisha kupanga mustari na watoto mugongoni, na miye pia nilipanga mustari siku moja, na Emérita wetu mugongoni, na munganga hakufika, na Emérita hakupona, na ni juu ya ile siku Damien aliomba hii kazi, nitamuambia usiende na kinywa gani.

Anacheka bado. Mama Adelaïde, jua inapanda, anasema, sema neno moja tu, nikuskie, na ni hapo naangalia chini, si mbavu, si kitunga, naangalia mguu wa kushoto, mu suruali ya kaki, na unatetemeka, kidogo kidogo, kama ngozi ya ngombe inafukuza inzi, na mukono yake inashuka polepole inaukamata pa kovu, unyamaze, na kinywa inaendelea kucheka juu ya watu... ooo, Damien. Kumbe ni woga. Kumbe hakuniachia miye neno juu ya mchezo, na miye siku zote nilifikiri ni miye peke yangu silali, anataka neno la muntu, hata liwe la uongo, alibebe mu kona na mu kilalo, na akianguka asianguke na neno lake mwenyewe, aanguke na langu, ni hayo ananiomba, mbele ya watu, na meno inje, na naogopa, Mungu wangu, naogopa sana, sijui chuma inafanya nini, hakuna anayejua, hata Sebarenzi hajui, anangoja tu, Agathe anakaza kamba, klé iko pale pale juu ya buloni, nikaze, mama? anauliza, na ule mguu chini ya ule mukono bado unatetemeka, na miye nafungua kinywa nimupe neno.