Nyumba Nane za Mtaa Wetu

Mwalimu wetu wa kisomo aliingia darasani na karatasi moja, akaisoma akiwa amesimama. Darasa la watu wazima lingefungwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa utafiti wa taifa wa watu na makazi ulionyesha kwamba mtaani kwetu hakuna mtu mzima asiyejua kusoma.

Tulikuwa wanawake ishirini na wawili. Mimi nilikuwa nimefika kwenye maneno ya silabi tatu. Binti yangu, aliyeolewa mbali, huniandikia ujumbe kwenye simu, na anayenisomea ni muuza duka. Yeye hucheka kabla sijajua kinachochekesha. Nilitaka nami nicheke wa kwanza.

"Hii ni kazi ya mwenyekiti wa mtaa," alisema jirani yangu, fundi cherehani, ambaye ulimi wake hukata kuliko mkasi wake. "Anakitaka chumba hiki aweke saruji yake. Katusemea uongo mchana kweupe!"

Shaka hiyo ikatuingia sote. Mwenyekiti alipotusalimu, tulimwitikia kwa midomo iliyobana. Fundi akaazimia kumuumbua kwenye mkutano wa mtaa, na ili tupate ushahidi, tukaenda wanawake saba ofisi ya takwimu.

Karani alitufunulia jedwali.

"Mama zangu, hatukupita kila nyumba. Kwenu zilichaguliwa nane kwa bahati nasibu, kati ya mia nne. Kila moja inasimama badala ya hamsini. Kwa nchi nzima, jibu moja la uongo humezwa. Kwa mtaa mmoja, huvuruga hesabu yote."

"Na hizo nane zilisemaje?" aliuliza fundi.

"Zote zilisema wote wanajua kusoma."

"Mwenyekiti ndiye aliyezijibia!"

"Hakuhusika kabisa. Wadadisi walizungumza na wenye nyumba wenyewe."

"Basi tutajie ni akina nani."

"Nimekula kiapo, mama. Hata mke wangu simwambii." Akafunga jedwali. "Lakini nyumba tatu zikija kwa hiari kusahihisha majibu yao, nitaomba mtaa wote uhesabiwe upya, nyumba kwa nyumba. Chini ya tatu, sina la kufanya."

Fundi akageuka, akatukagua mmoja mmoja kama anayetafuta kitambaa chake kilichoibwa.

"Kumbe mchawi wetu yumo humu humu! Semeni, nani alitembelewa?"

Mimi nilikodolea macho sakafu. Mdadisi alifika kwangu siku ambayo wazazi wa mkwe wangu walikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Aliuliza mbele yao kama naweza kusoma sentensi fupi. Nilijibu, "Bila shaka, mwanangu," nikaongeza kwamba gazeti lisipofika sipati usingizi.

Nilimfikiria mwenyekiti akizomewa mkutanoni. Nikalifikiria duka lile na kicheko kile.

"Ni mimi, shoga yangu," nikasema.

"Wewe? Wewe uliyemsema mwenyekiti pamoja nasi?"

"Mimi. Wakwe wa binti yangu walikuwa sebuleni."

Karani alinisogezea fomu, akataka kunijazia. Nikamwomba kalamu. Niliandika kwamba nilisema uongo na kwamba ndiyo kwanza najifunza, nikayaandika maneno hayo silabi kwa silabi, huku jasho likinidondoka. Hakuna aliyenicheka.

Nilipoinua kichwa, fundi alikuwa akitazama dari kwa makini, kana kwamba anataka kuipima.

"Shoga?" nikamwita.

"Nini?"

"Hiyo dari ina nini?"

Akanipokonya kalamu. "Usinitazame ninapoandika. Mimi mdadisi alinikuta na wateja. Ningesemaje, na daftari la vipimo liko mezani?"

Alipomaliza, karani akazipanga fomu mbili pamoja, akasubiri ya tatu. Tukageuka sote wawili, tukaanza kuwatazama watano waliobaki. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuushika mkoba wake, anasogea mlangoni.