Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta ilipoletwa kwenye zahanati ya kijiji chetu, mbele ya Mungaa, mganga mfawidhi Paschal aliniomba niifumie kitambaa kama vile vya kufunikia redio. Nikafuma. Tangu siku hiyo ilikaa imefunikwa kama bibi harusi, na wauguzi wakakatazwa kuigusa.

Jumatatu nilimpeleka mjukuu wangu kliniki. Nesi Scholastika, mkuu wa wauguzi, alikuwa ametoka Singida mjini kwenye mafunzo ya kuweka taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta.

"Shikamoo, bibi," alisema, akapiga goti kidogo. Kisha akaivua kompyuta kile kitambaa, akakikunja taratibu kama nguo ya mtoto, akaniwekea mapajani.

"Nesi, utakiua hicho chombo!" Paschal alisema akiwa mlangoni. "Msubiri kijana wa kompyuta kutoka wilayani."

"Tunamsubiri tangu kiangazi, daktari. Watoto wanakosa chanjo na hatujui nani hakurudi."

"Kazi yako wewe ni sindano."

"Na nitajuaje nani hajachomwa? Nimefundishwa, na wenzangu nitawafundisha. Hakifunikwi tena."

"Daktari, sogea kidogo," mama mmoja akasema kwenye benchi. "Unatuzibia, na sisi tunataka kuona."

Wanawake tukacheka. Scholastika akawaketisha wauguzi wake kando yake, akaanza kumwandika mjukuu wangu polepole, kwa kidole kimoja.

Paschal akaninyooshea mkono. "Bibi, nipe kitambaa."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, kwa kuwa hakuwa amenisalimu. Kisha nikakikalia.