Mpera wa Masinde na Avokado ya Mama Eve

Nyawira hakuuita mpera wa Masinde mti. Aliuita kijiti. Hata msimu ule ulipozaa mapera ya kujaza ndoo tatu, watoto wa safu nzima ya nyumba wakapanda na kushuka mashavu yamewavimba, yeye alisimama mlangoni na karai la nguo kiunoni, akabeua midomo na kusonya. Mti gani unaojiotea kando ya choo? Maana hapo Makongeni kila mtu alijua kwamba mpera ule haukupandwa. Mtu alikula pera, akaenda haja, mbegu ikajitafutia maisha. Ndiyo asili yake hiyo, nayo si ya kujivunia.

Yake ilikuwa avokado. Tena si avokado ya kokwa la kuokota jalalani, la hasha! Ilikuwa ya kupachikwa, tawi la mti mzuri limeungwa juu ya shina gumu na kufungwa utepe. Aliinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara, akaibeba kifuani kwa miguu hadi nyumbani asije mtu akaivunja. Akaichimbia shimo la kumfika mapajani, akaitilia samadi ya mbuzi aliyoagiza kwao Othaya. Miaka minne akaipalilia kila Jumamosi. Jirani akipita na kuisifu, alijibu kana kwamba amesifiwa mtoto.

"Avokado inataka mtu," alimwambia binti yake, Eve. "Inataka samadi, nafasi na jua. Mpera unataka nini? Unautupia maji ya sabuni, nao unanenepa! Hauna hata haya."

Miti hiyo miwili iligawana kijibustani nyuma ya nyumba, baina ya ukuta wake na wa Masinde. Masinde alikuwa mzee mstaafu wa reli, mtu wa maneno ya kuhesabu, aliyeshinda mlangoni pake akiziba sufuria zilizotoboka. Siku moja Nyawira alimuuliza kwa nini hautilii mpera wake hata koleo moja la samadi.

"Haujaniomba, Mama Eve," alijibu, akaendelea kugonga sufuria.

Jibu gani hilo la mtu mzima! Nyawira alilisimulia wiki nzima ili watu wacheke.

Sasa Eve alikuwa amepata mchumba, Munene, kijana wa Kandara, na mama yake Munene alikuwa mkulima wa avokado, mashamba mawili yamejaa. Wazazi walipokutana mara ya kwanza, yule mama alizungumza habari za miti yake mpaka chai ikapoa. Nyawira akashindwa kuvumilia. "Hata sisi wa mjini tunazo," alisema. "Yangu ina matunda kumi na tisa. Mkija mwezi wa saba mtakula za kwangu."

"Avokado? Nairobi?" Mama Munene akacheka, kicheko kidogo cha adabu. "Basi nitakuja nione."

Kicheko hicho kilimchoma Nyawira. Kwa hiyo yeye ni mama wa mjini tu, mtu wa kununua nyanya za kuhesabu? Ataona! Kuanzia siku hiyo aliitazama avokado yake kwa jicho jipya, na jicho hilo likaona kivuli cha mpera kimeilalia kuanzia asubuhi hadi saa sita. Kijiti kile, kisicho na mbele wala nyuma, kinainyima avokado jua!

Akamwendea Mugo, mwenyekiti wa wakaazi, naye akaitisha mkutano. Nyawira alisema kama wakili. Mpera unaleta popo. Unaleta inzi. Kesho mtoto wa mtu ataanguka avunjike mkono, nani atampeleka hospitali? Watu wakaitikia kwa vichwa, maana kwa mdomo wa Mama Eve, kumpinga ilikuwa kujitafutia makuu.

Masinde aliuliza swali moja tu. "Tukiukata, maji ya mfereji yataenda wapi?"

Maji yenyewe yalikuwa hivi. Yalikuja Jumanne na Ijumaa kabla ya kucha, na wakaazi walikuwa na desturi ya kuuacha mfereji wazi juu ya debe tupu, ili yakija yawaamshe kwa kelele. Mpaka wa kwanza avae ndara atoke, debe limeshafurika, na maji yamefuata ukuta hadi bustanini. Mchana yakafuata ya kufulia nguo. Ilikuwa hivyo tangu zamani, na hakuna aliyeona kwamba ardhi ile haikuwahi kuwa tope.

"Yataenda kwa avokado yangu, yaende wapi tena?" Nyawira alijibu, na mkutano ukaangua kicheko.

Mpera ukakatwa mwezi wa pili. Kikabaki kisiki bapa kama kibao cha chapati. Jua likaingia, na Nyawira akavuta kiti akakaa humo bustanini akiota jua na mti wake. Masinde aliokota vijiti vya kuwashia jiko, akaingia ndani. Mtu asiye na uchungu hata na kitu chake, Nyawira aliwaza, huyo ni mtu kweli?

Zikaja mvua za masika. Mwezi wa tano majani ya avokado yakalegea na kugeuka manjano. Nyawira akajua ni kiu, maana jani likilegea ni nini kingine? Akaongeza ndoo asubuhi na ndoo jioni.

"Mama Eve," Masinde alimwita kutoka mlangoni, "mti huo haujakosa maji. Yamezidi."

"Wewe wa mapera ndiye wa kunifunza avokado?" Ndoo ikamwagwa yote, makusudi, mbele ya macho yake.

Matunda yakaanza kudondoka, madogo, meusi kwenye kikonyo. Kumi na tisa yakawa saba, saba yakawa mawili, kisha hakuna.

"Mum, si uwaambie tu ukweli," Eve alisema. "Ni mti tu."

"Nyamaza!" Nyawira alinunua avokado nane sokoni akazipanga kwenye sahani. Aliwaza hata kuzifunga mtini kwa uzi, ila Mungu alimwepusha na wazimu huo.

Mama Munene alifika Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kiondo begani na mche wa avokado mkononi, zawadi. Hakukaa. "Kwanza niione," alisema, akazunguka nyuma ya nyumba kana kwamba ni kwake.

Mti ulisimama umekauka ncha. Mama Munene hakuutazama sana. Aliinama, akazamisha kidole ardhini, akakinusa.

"Mizizi imeoza," alisema. "Avokado hufa maji yakituama. Mpera ndio unaoyaweza, hata ya sabuni." Akakiona kisiki. "Kumbe ulikuwepo! Huo ndio uliokuwa ukiikaushia ardhi. Mpumbavu gani aliukata?"

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walisema, lakini Nyawira na wahenga walikuwa mbalimbali. Alimtazama Masinde, aliyekuwa mlangoni pake na sufuria mkononi. Neno lake moja tu lingetosha kumwumbua.

"Uliangushwa na upepo, mama," Masinde alisema.

Hata kudanganya hakujua! Nyawira alitamani mzee amtaje jina, amtukane, alipe kisasi cha miaka minne. Kuonewa huruma na mtu wa mapera! Afadhali kofi.

Mama Munene alipitisha kiganja juu ya kisiki. "Upepo wenye msumeno," alisema. Akampita Nyawira, akampa Masinde ule mche. "Shika, mzee. Hata kama hujawahi kupanda avokado, wewe utaiuliza kwanza inataka nini."

Masinde aliupokea kwa mikono miwili. Akatazama bustani, akaonyesha kando ya kisiki, palipokuwa wazi. "Niupande hapa?"

Mama Munene alikuwa akimtazama Nyawira, na Eve naye akimtazama.

"Si hapo, mzee," Nyawira alisema, na sauti yake hakuitambua. "Hapo panatuama maji."