Mwalimu Aliyengoja Neno

Solomoni hakuwa mtu mbaya. Naliweka hilo mbele kabisa, maana wengi wakisikia habari zake humbandika ubaya asiokuwa nao. Alikuwa mwalimu kijana mwenye haraka na aibu nyingi, na alidhani kila mtu duniani huomba radhi kwa mdomo.

Alitoka Rabai, karibu na Mombasa, nchi ya Waingereza, akaja kuishi Meru, ambako Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala. Aliyemwita ni Mzee Lemburis, mfanyabiashara wa ng'ombe. Vijana wa mzee walikuwa wakiswaga ng'ombe hadi Nairobi na kurudi na karatasi za Kiingereza ambazo hakuna hata mmoja aliyeweza kuzisoma. "Tunapunjwa mchana kweupe," mzee alilalamika. Bwana mkubwa wa boma la Arusha alipoombwa ruhusa alicheka, akasema Kiingereza cha kuuzia ng'ombe hakimdhuru Kaisari. Basi Solomoni akajengewa chumba katikati ya migomba, akapewa wanafunzi watano, wote wanaume wazima.

Siku za kwanza, jamani, aliziona! Baridi ya mlimani ilimwingia mifupani. Loshoro, yale mahindi yanayochanganywa na maziwa ya mgando, ilimkaa kooni. Wenyeji walisema Kimeru, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji, isipokuwa mzee mwenyewe na Efraimu, mwanafunzi aliyebatizwa misheni. Solomoni alimkumbuka sana mkewe, Marta, aliyemwacha Rabai na mtoto mchanga. Waliagana kwamba akishazoeana na watu wa huko, atamwita. Bila hivyo hangemtoa mwanamke kwao amlete kwenye upweke.

Na kuzoeana kulikuja. Mwanafunzi wake hodari kuliko wote alikuwa Lesikar, mtoto wa mzee, mcheshi kupita kiasi. Mke wa Lesikar, Nanyori, ndiye aliyemletea mwalimu chakula kila siku, na kila siku hakuacha kumtania kwa Kiswahili alichokuwa akikiokota kwake. "Kula, mwalimu, mkeo akija asiseme tulikufungisha kwaresima." Solomoni alicheka mpaka akajishika mbavu. Juma lile lile alimwandikia Marta aanze kujiandaa.

Kumbe shetani naye alikuwa anajiandaa. Asubuhi moja Lesikar alikosea kusoma sentensi moja mara tatu. Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Solomoni akaona anachezewa. Shuleni alikosomea yeye, aliyecheka darasani alichapwa, basi akamchapa Lesikar rula ya vidole. Mtu mzima yule! Mwanamume aliyetahiriwa na rika lake, mwenye mke na mji wake! Lesikar akampokonya ile rula, akaivunja gotini, akatoka nje.

Solomoni aliokota vipande vya rula. Moyoni alijua amekosa, lakini mwalimu ni mwalimu. "Aje tu aseme nisamehe, neno moja, na mimi nitamwomba radhi papo hapo," alimwambia Efraimu. "Sina kinyongo naye." Efraimu aliondoka ameridhika, kwa sababu kule nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mzee Lemburis alikuwa amekwisha kumkalisha mwanawe kitako. Mgeni hata akikukosea, alimwambia, ukivunja kitu chake mkosa ni wewe.

Kesho yake asubuhi Lesikar akaja. Hakusema kitu. Alimkabidhi Solomoni jani refu la kijani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Jani lile ni isale. Kule mlimani isale ndiyo radhi yenyewe. Mtu akikuletea, hata kama amekuulia ndugu, unalipokea, unaliweka mahali pema, kisha unampelekea habari kwamba yamekwisha. Na aliyetoa isale hafungi safari mpaka ajibiwe.

Nani alimweleza Solomoni? Hakuna! Wahenga wamesema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Sawa, lakini kwanza si mtu akuonyeshe ni jicho lipi? Kila mmoja alidhani jambo hilo linajulikana hadi pwani. Solomoni aliona jani tu. "Namngojea neno, ananiletea majani," alijisemea kwa uchungu. Akalipasua vipande viwili, kimoja akafutia ubao, cha pili akakitupa pembeni. Kisha akaendelea kungoja.

Wakangojana. Nikifikiria hapo nataka kulia, maana wote wawili walitaka kitu kile kile, na kati ya nyumba zao palikuwa na vitalu viwili vya migomba. Ng'ombe wa Nairobi walikuwa tayari. Vijana wenzake Lesikar waliondoka nao, yeye akabaki, akisema atawafuata akishajibiwa. Siku ya tatu Solomoni alifagia chumba, na Nanyori alipoleta chakula aliliona isale kwenye taka mlangoni, limepasuliwa, kipande kimoja kimejaa chaki. Aliweka kibuyu chini bila utani, akarudi kumwambia mumewe. Lesikar akaona amekwisha kujibiwa, akachukua fimbo yake akatoka peke yake, mbio, awawahi wenzake.

Masika yalikuwa yamepamba moto. Mto ambao wenzake waliuvuka wakiwa wameshikana mikono, yeye aliuingia peke yake, na ulikuwa umefurika. Wachunga mbuzi walimkuta chini kwenye mawe.

Efraimu ndiye aliyemweleza Solomoni yote, jani na maana yake, huku kilio kikisikika migombani. Solomoni alikwenda kwa Mzee Lemburis, akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba." Mzee alimshika mkono akamwinua. "Mwanangu, mimi sina hasira nawe. Hukujua, na sisi hatukukuambia. Lakini aliyekuwa anangoja jibu lako hayupo. Mimi nitalipokea wapi badala yake? Kaa, ufundishe. Mlete mkeo."

Matanga yalipokwisha, darasa likaanza tena, na kwenye nafasi ya Lesikar akaketi Nanyori. Baba mkwe wake alikuwa amekubali, kwa kuwa Nanyori alitaka kuzisoma mwenyewe karatasi za ng'ombe wa mumewe. Alijifunza kuwapita wanaume wote wanne. Asubuhi alimwamkia mwalimu kwa Kiingereza, akaulizwa, akajibu. Chakula alikileta vile vile, kwani mgeni halazwi njaa, lakini alikiweka mlangoni. Neno la Kimeru au la Kiswahili hakumpa tena.

Siku moja Solomoni alishindwa kuvumilia. Wengine walipotoka alimzuia, akamwambia kila kitu: kwamba hakujua, kwamba alimpenda Lesikar, kwamba angekubali mto umchukue yeye. Alilia bila kujificha. Nanyori alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, kitabu kifuani. Kisha akamuuliza, kwa Kiingereza safi alichomfundisha yeye mwenyewe, kama somo la leo limekwisha.

Akamjibu kwamba limekwisha. Mwanamke akatoka.

Solomoni akaketi, akamwandikia Marta asije.