Ayuma Kwenye Kinamasi

Kila Jumapili baada ya kanisa, nyumba ya Kilonzo, mtaani Mowlem, ilijaa watu kama nyumba yenye posa. Majirani walikuwa na maneno yao. Wengine walisema ni kamari, wengine wakasema ni maombi ya siri. Ukweli ulikuwa mezani: miraba iliyochorwa nyuma ya kalenda kuukuu, dadu mbili, sanamu za mti zenye urefu wa kidole, na kitabu cha mitumba kutoka soko la Gikomba, kisicho na jalada, kilichofundisha kucheza hadithi ya mashujaa na majitu. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake. Kilonzo, karani wa kiwanda, alikuwa na majitu. Na kwa kuwa kitabu ni chake, alikuwa pia jaji.

Jumapili hiyo ya mwaka wa mvua za El Nino, Beldina muuza omena, Mama Wandera kwa mtaa mzima, aliketi ukingoni mwa kochi bila raha. Shujaa wake alikuwa mwanamke mwenye mkuki, kazi ya mikono ya Mutunga mchongaji. Siku ya kwanza, kwa furaha tu, alimpa jina la marehemu nyanya yake, Ayuma. Hapo ndipo alipoteleza. Hakuwa ameambiwa desturi ya nyumba hiyo: anayekufa mchezoni, sanamu yake huingia jikoni pamoja na makaa, ichemshe chai. Kwao Beldina jina la marehemu halichezewi, sembuse kuchomwa. Na akilisema hilo mbele ya Mutunga, atachekwa hadi Krismasi. Basi alinyamaza, akamlinda Ayuma mwaka mzima kama yai.

Sasa Ayuma alikuwa ametia mguu kinamasini, jitu likimfuata unyounyo humohumo. Kinamasi chenyewe kilikuwa miraba sita.

"Kitabu kiko wazi," alisema Kilonzo, akivaa miwani ambayo mkewe, Kamene, alishawaambia watu ni ya urembo. "Matope hupunguza mwendo wa mtembeaji kwa nusu. Na zamu ikiisha ukiwa bado matopeni, umezama. Ayuma huenda miraba sita, nusu yake tatu. Pole, Mama Wandera. Jitu langu huenda kumi na mbili, nusu yake sita. Linavuka."

"Kamene, teka maji ya chai," alisema Mutunga.

Beldina aliifunika sanamu kwa kiganja. "Nusu ya mtembeaji gani?"

"Yeyote."

"Aliyeandika hicho kitabu amewahi kukaa Mowlem?"

"Baba Mbaluka," Kamene alimwambia mumewe kutoka jikoni, "si juzi ulifika kazini saa nne ukisema ni matope? Mama Wandera alikupita na beseni kichwani."

"Hiyo ilikuwa mvua. Hiki ni kitabu."

"Basi mvua iko hapo nje," alisema Beldina. "Twende tupime."

Kilonzo angekataa, lakini sebule nzima ilikuwa imeshasimama.

Nje, udongo mweusi ulikuwa umelainika kama ugali usioiva. Mutunga alipima hatua ishirini za matope, kutoka mferejini hadi langoni. Kwanza, kando penye saruji, Kilonzo na Beldina kila mmoja alitembea umbali huohuo Mutunga akihesabu hadi kumi na tano. Kilichobaki ni matope, kwa hesabu hiyohiyo.

Kilonzo alianza. Alikataa kuvua viatu, maana, alisema, mtu wa kawaida huvaa viatu. Hesabu ilipokwisha alikuwa hatua ya tano, kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, soksi hewani, kiatu kimemezwa.

"Buda, umezama," alisema Mutunga.

Beldina alivua ndara, akakaza leso, akaenda. Hatua fupi, wayo bapa, bila kusimama, vile alivyokwenda sokoni kila asubuhi. Hesabu ya kumi na nne ilimkuta ameshika lango.

"Wewe umevua viatu," alisema Kilonzo.

"Na Ayuma anavyo?"

Mutunga aliitazama sanamu. "Hana. Nilifika vidole vya miguu, subira ikaniishia."

"Na jitu?"

Wote walikumbuka jinsi Kilonzo alivyomsumbua Mutunga mwezi mzima, akitaka jitu lake livae buti za kufika magotini, tena zenye bizimu.

Ubaya wa Kilonzo ni maringo tu, si dhuluma. Alirudi mezani akichechemea, akafungua kitabu, akaandika pembeni kwa kalamu ya ofisi: *Mguu mtupu, mwendo kamili. Mwenye viatu, robo.*

"Robo ya kumi na mbili ni ngapi, Karani?" aliuliza Kamene, sufuria mkononi.

"Tatu."

"Na kinamasi?"

Kilonzo aliliinua jitu polepole, akampa.

Makaa yalikuwa na unyevu, lakini jitu lilishika moto vizuri, buti zikawa za mwisho kuungua. Kilonzo alikunywa chai akiwa na mguu mmoja mtupu, kiatu chake kikianikwa kando ya jiko lilelile.

"Lakini Mama Wandera," alisema, "kung'ang'ania hivyo kwa ajili ya kijiti tu?"

Beldina alikuwa ameshamfunga Ayuma kwenye pindo la leso, mafundo mawili.

"Kunywa chai, Karani," alisema. "Inapoa."