Mkono wa Tatu wa Vanishi

Niiteni mjinga, nitaitika. Wapo wanaonifariji, eti ilikuwa mipango ya Mungu. Kwa nini tumsingizie Mungu? Mipango ilikuwa yangu, na niliipanga nikiwa na akili zangu timamu.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kumalizia samani. Wenzake wakishakata, wakaunga na kupigilia, yeye ndiye aliyepokea kabati likiwa jeupe akalitoa linang'aa, na lililopita mikononi mwake hata livujiwe na bati la nyumba halikuharibika. Alinifundisha yeye. Msasa ufuate nyuzi za mbao. Rangi ya mbao ipakwe kwa kitambaa, na ya ziada ifutwe kabla haijashika. Kisha vanishi, mikono mitatu, yaani unapaka mara tatu. Mkono wa kwanza, siku nzima ukauke, halafu msasa laini. Wa pili, siku nyingine. Wa tatu, siku nyingine tena, na hapo usiguse kabisa. Ukiwa na shaka, bonyeza dole gumba chini ya kiti, pasipoonekana. Likiacha alama, kaa chini unyamaze.

Mimi na kukaa chini, wapi na wapi! Karakana nzima iliniita Fasta. Siku moja nilipiga mikono yote mitatu ya meza ya mteja asubuhi mpaka jioni, nikaipeleka, nikajisifu. Wiki haikuisha, uso wa meza ukajikunja kama utando wa maziwa. Kaka mwenyewe alikwenda kwa mteja, akaibeba meza ile mgongoni mchana kweupe, akaitua mbele ya mafundi wote.

"Huyu si fundi," akasema. "Huyu anachafua mbao za watu."

Nikamrushia brashi. Kaka yangu mkubwa, aliyenilea! Ikampata kifuani, shati likaharibika. Niliondoka siku hiyo hiyo nikafungua kibanda changu upande wa pili wa mji. Mwaka mmoja na miezi minne hatukusemezana. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Vichwa vigumu wote wawili, ndivyo tulivyozaliwa.

Kisha nikasikia anaumwa mapafu. Hatoki nyumbani, na akilala chali pumzi inamkata, kwa hiyo anashinda ameketi kitandani, ameegemea mito. Niliposikia hivyo hasira ilinitoka yote, sijui ilikwenda wapi. Nikaamua kumtengenezea kiti chenye mgongo mrefu na mikono mipana, cha kukalia mgonjwa. Na nikaapa kitu kimoja: vanishi ya kiti hicho nitaipiga anavyotaka yeye. Sitaomba msamaha kwa maneno, maana maneno yangu anayajua. Atapitisha kiganja juu ya mbao, atajua nimebadilika.

Jumapili nikapaka rangi ya mbao. Jumatatu, mkono wa kwanza. Ilikuwa majira ya mvua, hewa nzito, vanishi inakauka kwa kujivuta. Jumanne nilikuwa namaliza mkono wa pili shemeji, mke wa kaka, aliponipigia simu.

"Shemeji, kaka yako anakuita. Njoo leo."

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Ameanza yeye! "Hali yake vipi?"

"Anakula, anaongea. Lakini njoo."

"Mwambie nakuja, shemeji. Kuna kitu namalizia."

Jirani yangu wa kibandani, seremala mmoja tunayemwita Randa, aliacha kazi akanitazama. "Wewe nenda. Kiti kitafuata."

"Nimwendee mikono mitupu? Ataniona yule yule."

"Si ndiye kaka yako anayemwita, huyo yule yule?"

Nikamwambia asiniingilie mambo ya nyumbani kwetu. Randa akainua mabega, akarudi kwenye mbao zake.

Jumatano asubuhi nikabonyeza dole gumba chini ya kiti. Pakavu. Nikapiga msasa laini, nikafuta vumbi, nikapiga mkono wa tatu, taratibu, bila hata mchirizi mmoja. Jamani, kilipendeza! Nilikizunguka nikicheka peke yangu. Simu ikalia tena.

"Shemeji, ameuliza tena."

"Mwambie vanishi haijakauka. Namtengenezea kiti chake. Kesho mapema nipo hapo."

"Sawa, nitamwambia."

Mchana nikabonyeza, dole likaacha alama. Ningeweza kukifunga gunia nikaenda hivyo hivyo. Zamani ningefanya hivyo bila kufikiri. Nilikaa chini, nikanyamaza, na naona aibu kusema kwamba nilijiona mtu mzima.

Alhamisi asubuhi kilikuwa kikavu. Nikakibeba kichwani kutoka upande ule wa mji mpaka huku, nikipanga maneno njiani. Nitabisha hodi, nitakiweka mbele yake, nitanyamaza, nimwache aseme yeye. Nilipokata kona ya nyumba yao niliona watu wameketi uani, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili. Miguu ikaendelea kutembea. Kichwa kilikuwa kimeshaelewa, miguu bado.

Mwanamume nisiyemjua aliinuka akanipokea kiti. "Ahsante, ndugu, umefikiria jambo la maana. Viti havitoshi." Akakiweka kwenye mstari, na mzee mmoja akakikalia, akaegemea, akaendelea na mazungumzo yake.

Shemeji alikuwa chumbani kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Waliponiona wakanipisha. Nikapiga magoti, nikalia kama mtoto, wala sikujali nani ananitazama.

"Lini?" nikauliza.

"Jana jioni. Nilikupigia, hukupokea."

Kweli. Simu niliiacha kibandani usiku, na asubuhi nikaitia mfukoni bila kuitazama.

"Ulimpa ujumbe wangu?"

"Nilimpa." Alijifuta macho kwa upande wa kanga yake. "Nilimwambia Fasta anakuja, anakutengenezea kiti, anasubiri vanishi ikauke."

"Akasema nini?"

Akatikisa kichwa. Nikamshika mkono, nikamsihi.

"Alicheka kidogo, kikohozi kikamshika. Akasema, 'Mama watoto, usinifiche. Mdogo wangu tangu azaliwe hajasubiri vanishi ikauke. Sema tu bado ana hasira na mimi.' Halafu akageukia ukutani."

"Shemeji, ilikuwa kweli! Nilikuwa nasubiri!"

"Najua," akasema. "Nilimwapia mara tatu. Hakuniamini."