Kikohozi cha Mzee Mabruki

Abbasi alikuwa hatulii. Akiketi mkekani na wanaume wenzake wa matangani, vidole vya mkono wa kushoto vinachezacheza juu ya paja utadhani paja lina nyuzi. Akisimama, anakwenda mpaka langoni, anachungulia barabara ya Gongoni, anarudi. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu wamzike baba yake, Mzee Mabruki fundi bati, na shangazi yake alikuwa keshamwambia mara tatu akae kitako, anawatimulia watu vumbi.

Lakini angekaaje, jamani? Mwaka ule wa sabini na tatu kampuni moja ya santuri ya Dar es Salaam ilikuwa imeiandikia barua bendi yao, Gongoni Jazz. Mafundi wanakuja Tabora kwa treni na mashine yao, watarekodi siku moja tu, Alhamisi, kisha wanaendelea Mwanza. Wanataka nyimbo kumi za bendi yenyewe, za kujaza santuri kubwa pande zote mbili. Za kukopi hawataki hata kuzisikia. Na Gongoni Jazz, tuseme ukweli, miaka minane mizima walikuwa wanaishi kwa jasho la Wakongo: Kilingala wanakiimba kwa madaha, ukiwauliza maana yake wanakutolea macho.

Nyimbo kumi walikuwa nazo, zote za Abbasi. Alizitunga huku anagonga bati karakanani kwa baba yake: wimbo wa warina asali wa Sikonge, wimbo wa bibi aliyekataa kuhamia kijiji cha ujamaa mpaka kuku wake nao wapewe kiwanja, na nyingine za namna hiyo. Gitaa la solo ndilo lililozibeba, na Tabora nzima hakuwapo mwingine wa kulipiga vile. Bila Abbasi hakuna santuri, na mafundi hawarudi tena.

Gitaa lenyewe sasa, limefungiwa sandukuni! Na aliyelifungia nani? Yeye mwenyewe, kwa ulimi wake. Siku ya maziko alisimama mbele ya watu akasema gitaa halitoki mpaka arobaini ipite. Ufunguo akamkabidhi shangazi, Bi Mwanamkuu, dada wa pekee wa marehemu, naye akaufunga kwenye pindo la kanga. Watu wakamsifu, kijana ana adabu. Barua ikafika kesho yake.

Hawakujua kilichomsukuma. Mzee Mabruki hakuwahi kumkataza mwanawe muziki, wala hakuwahi kumwambia piga. Alikuwa akija mlangoni, anakohoa mara tatu, kikohozi kikavu cha mtu aliyevuta moshi wa kulehemu miaka arobaini, na Abbasi ananyamaza. Bendi nzima ilikijua kikohozi kile. Jioni ya mwisho mzee alikohoa, na Abbasi, aliyekuwa amenasa katikati ya wimbo wa kumi, akajifanya hajasikia. Akaendelea kupiga. Asubuhi mzee hakuamka. Sasa mtu alale na jambo kama hilo kifuani! Hakumwambia yeyote.

Alhamisi hiyo asubuhi akafika Masolwa, kiongozi wa bendi, kwa baiskeli, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kama umelifuata lile dude, rudi ulikotoka."

"Mafundi wameshafunga mashine ukumbini, shangazi. Saa kumi wanafungasha."

"Waende salama. Mtoto katoa neno mbele ya jeneza la kaka yangu, wewe unataka alimeze? Hivi nyinyi hamna hata haya?"

Masolwa akamtazama Abbasi. Abbasi akatazama chini. Alitaka kulivunja sanduku. Alitaka baba yake arudi dakika moja tu, amwambie ndiyo au hapana, basi, akalale tena.

Ndipo makelele yakazuka langoni.

"Mmemzika Mnyamwezi wangu bila kuniaga! Nani kawapa ruhusa?"

"Mtani huyo!" wanawake wakaitana. "Mtani kaja!"

Alikuwa Pazi, mpiga dramu wa Gongoni Jazz, Mzaramo wa Kisarawe, mwajiriwa wa reli. Msiba ulimkuta safarini Kigoma, na ndiyo kwanza anashuka kwenye treni. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhuka na mizigo mpaka pwani na kuuguzana njiani. Mtani akija msibani hakuna la kumwambia. Atatukana, atapakua chakula bila kukaribishwa, atachukua anachotaka, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa.

Pazi akapitiliza moja kwa moja mpaka chumbani kwa marehemu. Alipotoka, watu walishika vichwa. Kavaa koti la kazi la Mzee Mabruki, lile lenye matundu ya cheche, na kofia yake kaiinamisha upande, mguu wa kushoto anauburuta vilevile kama mzee alivyokuwa akiuburuta. Akasimama mlangoni. Akakohoa mara tatu.

Ua mzima ukaangua kicheko. Vidole vya Abbasi vikaacha kucheza papo hapo.

"Mwanamkuu!"

"Abee, kaka," Bi Mwanamkuu akaitika kabla hajajijua.

"Siku kumi na mbili nimelala, kimya tu! Kuna nini humu ndani?"

"Mwanao, kaka. Kalifungia gitaa."

"Kisa?"

"Heshima yako."

"Heshima!" Pazi akakohoa tena, akajipiga kifua. "Mtu hawezi kukohoa nyumbani kwake? Mimi nakohoa kwa sababu nina kikohozi! Nasogea mlangoni nisikie vizuri, kifua kinanibana, nakohoa, na zumbukuku hili linaacha kupiga! Miaka yote hiyo sijasikia hata wimbo mmoja ukafika mwisho!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Abbasi hakucheka. Machozi yalimtoka mbele za watu, naye hakuyafuta. Alijua fika ni Pazi, ni mzaha wa msibani tu, na bado alitamani kwa moyo wake wote yawe ndiyo maneno yenyewe.

Pazi akanyoosha mkono. "Nipe changu, dada."

Bi Mwanamkuu alilitazama lile koti kwa muda. Kisha akafungua pindo, akatoa ufunguo.

"Chukua, kaka," alisema.

Pazi akafungua sanduku, akalibeba gitaa begani, akatoka nalo mbio. "Mwenyewe aje kulikomboa ukumbini!"

"Unangoja nini?" Bi Mwanamkuu akamgeukia Abbasi. "Kitu kikichukuliwa na mtani, mwenyewe hukifuata. Kimbia!"

Walirekodi tangu saa sita, wimbo mmoja baada ya mwingine, madirisha yamefungwa, wameloa jasho. Pazi alikataa kulivua koti. Kabla ya wimbo wa kumi, fimbo za dramu zimeshainuliwa, akakohoa mara tatu. Fundi wa mashine, Justus, akanyanyua mkono.

"Nafuta. Tuanze upya."

"Usifute," Abbasi akasema, na akapiga. Safari hii hakuwa anajifanya hajasikia. Alipiga mpaka mwisho.

Santuri ilitoka baada ya miezi mitano. Ilikuwa balaa! Kila dansi wanataka wimbo wa kumi, na bendi za miji mingine, zilizokuwa zikikopi Kongo, zikaanza kukopi Gongoni Jazz, hata kikohozi hazikukiacha.

Siku redio ilipoupiga kwa mara ya kwanza, Bi Mwanamkuu alikuwa anapepeta mchele uani, na Abbasi anazungukazunguka kama kawaida yake. Kikohozi kikasikika, mara tatu. Bi Mwanamkuu akaweka ungo chini, akajitanda kanga vizuri.

"Shikamoo, kaka," akaiambia redio.

Abbasi akaketi kando yake, mikono magotini, wakausikiliza wimbo mpaka mwisho.